Barua ya Arobaini na Saba

Kosa lilifanyika saa tatu na nusu asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, na aliyelifanya hakulijua mpaka saa nane mchana, barua ilipokuwa imekwisha kwenda.

Folio alikuwa na nakala mkononi. Alikuwa amelifungua jalada namba 208, ameitoboa nakala matundu mawili pembeni, ameipitisha kwenye uzi, na kwa kalamu nyekundu ameandika 47 kwenye pembe ya juu na kuizungushia duara. Ndivyo alivyoifanyia kila karatasi iliyoingia au kutoka katika ofisi ile kwa miaka ishirini na tisa. Makarani wa masjala huiita namba hiyo folio, na watu walikwishalisahau jina lake la kweli, wakamwita hivyo tu. Kisha, kabla hajalifunga jalada, macho yake yakateremka yakasoma.

"Ofisi hii haina, wala haijawahi kuwa na, jalada lolote kuhusu upimaji wa vifua vya wafanyakazi wa kiwanda cha mabati."

Akasoma tena. Akaligeuza jalada alilolishika. Juu ya gamba, kwa mwandiko wake mwenyewe wa zamani, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride: UPIMAJI WA VIFUA, WAFANYAKAZI WA KIWANDA CHA MABATI. Na juu kabisa ya barua, kwa mwandiko wake wa asubuhi hii: Kumb. Na. 208/47.

Akakaa juu ya ngazi fupi ya kupandia rafu.

Kila barua inayotoka ofisini hupewa namba: kwanza ya jalada ambamo nakala yake italala, kisha mkwaju, kile kistari cha mshazari, kisha ya karatasi ndani ya jalada hilo. Mkurugenzi aliiandika barua, mpiga chapa akaichapa, ikaletwa masjala kupewa namba kama barua yoyote. Folio akasoma kichwa cha habari tu, mkono wake ukalijua jalada kabla akili haijauliza, ukaandika. Sasa barua ilikuwa inakana kwa mdomo na kukiri kwa paji la uso. Jalada halipo, na hii ndiyo karatasi yake ya arobaini na saba.

Akashuka ngazi mbili mbili mpaka kwa tarishi, mwanamke mnene mwenye mkoba wa ngozi, aliyekuwa akivua viatu.

"Ile barua ya wakili, bado unayo?"

"Nikae nayo niitagie mayai? Nimeipeleka saa tano. Wamenisainia, hii hapa. Una nini, mzee, mbona umepauka kama umekunywa chokaa?"

"Hamna kitu."

"Basi nenda ukanywe maji. Unatisha."

Huyo wakili alikuwa wa Fundi. Fundi ni mshona nguo, mjane, ambaye mumewe alikata mabati katika kiwanda kile miaka kumi na saba, mabati ya saruji yenye nyuzi nyeupe ndani, yale yaliyoezekea shule na zahanati zote. Vumbi lake lilikuwa laini kama unga. Wanaume walirudi nyumbani nyusi nyeupe, wake zao wakazikung'uta nguo uani na kucheka. Walipoanza kukohoa, mwaka ule wa ukame, lilikuja gari jeupe lenye mashine ya kupigia picha za kifua. Likakaa getini siku nne. Wakapangwa foleni vifua wazi, mia moja na sita, mmoja mmoja akaingia, akaambiwa avute pumzi aishike. Wakaahidiwa majibu wiki ijayo.

Hiyo wiki ijayo ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Mawaziri wanne walikuja na kwenda, kila mmoja na ahadi yake na shingo yake nene. Mume wa Fundi alikufa amekaa, kwa sababu akilala hapumui. Kiwanda kilifungwa, mwenye nacho akapewa nishani. Fundi akaandika barua, hakujibiwa. Akaandika tena. Mwisho akaifungulia serikali kesi: hakudai fidia, alidai karatasi. Alitaka mahakama iamuru jalada lifunguliwe, kila mtu asome chake.

Nalo jalada lilikuwa pale, rafu ya tatu, kati ya 207 na 209, na Folio alilijua lilivyo na lilichobeba. Karatasi ya thelathini na moja ilikuwa orodha ya majina. Jina la tisa lilikuwa la kaka yake.

Aliliona siku alipoipa karatasi hiyo namba. "Mapafu yote mawili. Aondolewe kazini mara moja." Alikuwa ameapa kutunza siri za ofisi, na alikuwa amemwona mpiga chapa mmoja waliyemwita Mama Mashine akichukuliwa na watu wasio na sare kwa sababu ya nakala moja iliyokutwa mkobani mwake. Mama Mashine alikaa huko siku tatu. Aliporudi aliiweka mikono yake mapajani, na tangu siku hiyo haikugusa mashine tena. Jambo hilo halina jalada, lakini waliokuwapo wanalikumbuka. Basi Folio akaizungushia 31 duara jekundu, akafunga uzi, akaenda nyumbani, akala na kaka yake sahani moja. Kaka yake akaendelea kukata mabati miaka sita mingine.

*

Siku kumi zikapita kimya. Folio akawa mtu wa kusikiliza ngazi. Kila kiatu kilichopanda alikitambua: huyu mhasibu, huyu tarishi, huyu mpishi wa chai. Kiatu asichokijua kilimkausha mate.

Nyumbani mkewe aliona. "Mzee wangu, unakula kama unatafuta mwiba."

"Nimeshiba."

"Muache, shemeji," kaka yake akasema kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, ambako hewa ilikuwa nyingi. "Anahesabu punje aziandikie namba."

"Usicheke, shemeji. Barua yake ya posa, baba yangu aliikuta ina matundu mawili pembeni."

Wakacheka wote wawili, na kicheko cha kaka yake kikageuka kikohozi, kikohozi kikawa kirefu, mke wa Folio akaenda kumshika mgongo. Folio akatazama sahani yake. Kilipotulia, kaka yake akajifuta midomo na kusema, "Fundi amepita leo. Anatutaka sote tuliobaki twende mahakamani. Tumebaki thelathini na kitu. Nimemwambia nitakaa benchi la nyuma, nikikohoa tu jaji ajue ushahidi umefika."

"Usiende, kaka. Njia ina vumbi."

"Mimi na vumbi tumeshaoana, unataka kututenga leo?" Akamtazama mdogo wake kwa macho yake makubwa ya mtu aliyekonda. "Wewe unafanya kazi huko. Hilo jalada lipo?"

"Halipo," Folio akasema.

Neno likatoka laini kabisa, na hilo ndilo lililomtisha.

*

Siku ya kumi na moja, Jumanne, Mkurugenzi alimwita. Mkurugenzi alikuwa mtu wa suti nyepesi na sauti ya chini, aina ya mkubwa ambaye hagombi kwa sababu wapo wa kugomba kwa niaba yake. Mezani kwake palikuwa na barua kutoka kwa wakili wa Fundi, mistari miwili tu. "Tumepokea barua yenu Kumb. Na. 208/47. Tunaomba kuonyeshwa 208/1 hadi 208/46."

"Kaa, mzee wangu. Umebakiza muda gani kustaafu?"

"Miezi kumi na minne, Mkurugenzi."

"Si mingi. Mtu anaweza kuivuka vizuri tu, akaenda kulea wajukuu. Au anaweza kujikwaa." Akamsogezea karatasi. "Mkono wako uliteleza. Inatokea, umri huo. Wakili wa serikali ameshaandika kila kitu, wewe ni kusaini na kuapa. Wakikuita mahakamani, utarudia hayo hayo. Namba iliandikwa kimakosa. Basi."

Folio akaichukua kalamu. Akilini aliiona mikono ya Mama Mashine imelala mapajani. Akasaini, na herufi za jina lake zikatoka zimepinda kama za mtoto.

"Vizuri. Sasa niletee jalada."

"Jalada lipi, Mkurugenzi?"

Mkurugenzi akatabasamu kidogo. "Lile ambalo halipo, mzee. Niletee."

Folio akashuka, akalitoa rafuni. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka. Alipofika tena mlangoni Mkurugenzi alikuwa kwenye simu, chombo amekibana kati ya sikio na bega, anacheka na mtu. Akanyoosha mkono bila kutazama. Na Folio, badala ya kumpa jalada, akampa kwanza kadi.

Tusimpambe ushujaa ambao hakuwa nao. Hakupanga. Kadi ile ya njano ndiyo inayobaki rafuni jalada likitoka: namba, tarehe, saa, jina la aliyelichukua, sahihi. Hakuna jalada lililowahi kutoka masjala ya Folio bila kadi, hata waziri alisaini. Hofu ilikuwa imemmaliza akili, mikono ikabaki inafanya kazi yake yenyewe. Alikuwa ameshajaza namba, tarehe, na saa nne na dakika ishirini. Alisimama amenyoosha kadi na kalamu.

Mkurugenzi alisaini. Alicheka na simu, akasaini, kama alivyosaini kadi za namna hiyo mara elfu, akalivuta jalada na kuliweka kwenye droo, akampungia mkono atoke.

Folio akarudi chini, akaichomeka kadi kati ya 207 na 209. Hapo ndipo akili ilipomrudia, akaelewa alichokiweka pale. Akaichomoa aichane. Akaishika kwa vidole viwili pembeni, tayari. Vidole vikakataa. Akaichomeka tena. Kwa siku sita zilizofuata kila asubuhi alikwenda kuichana na kila asubuhi akaiacha, na kila alipoiacha alijiona mtu anayelala na nyoka kitanda kimoja na anaogopa kumwamsha.

*

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, cha mbao za kahawia, feni moja inazunguka kwa uvivu. Fundi alikaa mbele na tepi yake ya kupimia shingoni, ameisahau. Mkurugenzi alikaa upande wa serikali. Nyuma kabisa, benchi mbili zimejaa wazee wanaokohoa kwa zamu, na kati yao kaka yake, amevaa koti lake la harusi ambalo sasa lingemtosha yeye na mwingine. Folio alimwona wakati anapanda kizimbani, na baada ya hapo hakutazama tena upande ule.

Akaapa. Wakili wa Fundi, binti mdogo mwenye miwani mikubwa, akasimama na hati ya kiapo aliyoisaini Folio.

"Umesema hapa kwamba mkono wako uliteleza, mzee wangu."

"Ndiyo."

"Kwamba namba uliyoandika haikuwa uliyokusudia."

"Ndiyo."

Folio alisikia feni. Alisikia pia, mbali, mtu akipiga muhuri kwenye chumba kingine, pa, pa, pa, na akajiambia: yamekwisha, alichobakiza ni kunishukuru tu nishuke.

"Basi nisaidie," binti akasema kwa upole. "Ulikusudia kuandika namba gani?"

Wakili wa serikali hakuwa ameliandika hilo. Folio akafungua kinywa aseme 207. Lakini 207 ilikuwa matengenezo ya jenereta, barua kumi na mbili tu, ya mwisho ina doa la mafuta. 209 ilikuwa malalamiko ya choo cha ghorofa ya pili. 180, viti. 96, maombi ya likizo ya mtu aliyekwisha kufa. Kila namba aliyoishika ilikuwa na mwenyewe, imekaa mahali pake, inamtazama. Kwa maneno aliweza kudanganya. Aliwadanganya mke, kaka na jaji. Kwa namba hakujua watu wanafanyaje. Alitafuta moja tu isiyo na kitu ndani yake, na hakuipata.

"Shahidi, jibu," jaji akasema.

Mkurugenzi alikuwa akimtazama bila kupepesa. Folio aliona mkono wake mmoja umeingia mfukoni mwa koti na kutulia humo, na hakujua kwa nini hilo lilimtisha kuliko yote. Mkojo ulimbana. Akashika ukingo wa kizimba.

"Mia mbili na nane," akasema.

"Sema kwa sauti, mzee."

"Nilikusudia 208. Hakuna kilichoteleza. Na 47 ni kweli, zipo 46 nyuma yake, nimeziandika mimi zote." Maneno yalianza kumtoka yakikanyagana. "Kiapo hicho si cha kweli. Nilisaini kwa sababu naogopa. Hata sasa naogopa, Mheshimiwa, samahani."

Wakili wa serikali alisimama na kupinga, na jaji akamkalisha kwa mkono mmoja.

"Na jalada liko wapi?" binti akauliza. Sasa hata yeye sauti ilimpungua.

"Lilitoka masjala Jumanne iliyopita, saa nne na dakika ishirini. Kadi ipo rafuni, rafu ya tatu, kati ya 207 na 209. Imesainiwa."

"Na nani?"

Folio akanyoosha kidole. Hakuweza kulitamka jina.

Uso wa Mkurugenzi ulibadilika taratibu, ukawa kama wa mtu anayejipapasa mfukoni na kukumbuka alikoziacha funguo. Jaji akaandika muda mrefu, kisha akaamuru ofisa wa mahakama aondoke saa hiyo hiyo na mawakili wa pande zote, waende masjala wakachukue kadi, na wapande ofisini kwa Mkurugenzi wakafungue kila droo. Mkurugenzi akatakiwa asitoke chumbani. Kisha jaji akamgeukia Folio.

"Unajua kwamba umekiri kuapa uongo?"

"Najua, Mheshimiwa."

"Utaongea na polisi leo."

"Sawa."

Ilikuwa yaishe hapo. Lakini Fundi alisimama, tepi ikining'inia, hakuomba ruhusa. "Mume wangu alikuwemo? Kwenye hizo karatasi?"

"Mama, kaa," jaji akasema.

"Nimekaa miaka kumi na tisa. Alikuwemo?"

Folio akamjibu yeye, si jaji. "Karatasi ya thelathini na moja. Ni wa arobaini na mbili."

"Waliandika nini?"

"Aondolewe kazini."

Fundi akakaa polepole, kama anayehofia kiti hakipo. Na nyuma, kwenye benchi la mwisho, mtu akaanza kukohoa. Folio alikijua kikohozi hicho kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Hakugeuka.

*

Walimweka kwenye benchi la korido, askari mmoja mlangoni, wangojewe wapelelezi. Alikaa ameweka mikono mapajani, akaigundua ilivyokaa, akaiondoa haraka na kuyashika magoti.

Kaka yake akaja akijishikilia ukutani. Akakaa kando yake. Askari akatazama, akaona mzee mgonjwa, akanyamaza.

"Mimi wa ngapi?"

"Wa tisa, kaka."

"Waliandika nini?"

"Mapafu yote mawili. Uondolewe mara moja."

Kaka yake akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia bei. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Niliipa namba."

Mwisho wa korido mlango ukafunguka, wakatokea watu wawili wa mashati ya kawaida, bila sare, wanatembea bila haraka, mmoja na bahasha chini ya kwapa. Folio alivitambua viatu: ni vile asivyovijua. Akataka kuinuka, kaka yake akamkamata mkono juu ya kiwiko, na kwa mtu aliyekonda vile, alikamata kwa nguvu ya kuumiza.

"Kaa hapo," kaka yake akasema. "Huendi na mtu. Sijakutukana bado."

"Nitukane, kaka."

"Nyamaza. Nitaanza." Akavuta pumzi, ile pumzi fupi inayokwama katikati. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Miaka kumi na tisa unakaa na mimi sahani moja, wewe, unani..."

Kikohozi kikamkatiza. Akainama, bado amemshika mkono, akakohoa mpaka koti la harusi likamteleza begani. Wale watu wawili walifika, wakasimama mbele yao, mmoja akatamka jina la kweli la Folio, jina ambalo hajaitwa kwa miaka mingi. Folio hakuitikia. Alimrudishia kaka yake koti begani, akangoja apate pumzi amalizie.